C mbili kwenye fomu: kisa cha kocha aliyetolewa kwa kosa la benchi

Kisa hiki kilitokea Tanzania, kwenye nusu fainali ya wasichana katika mashindano ya kikapu ya shule za sekondari. Majina ya shule, mji, mwaka na watu wote nimeyaondoa, na alama na dakika nimezisogeza kidogo ili asitambulike mtu. Mfuatano wa matukio sijaugusa. Kamati ya ufundi iliniita baada ya mchezo kusaidia kupitia fomu ya mchezo, yaani karatasi ya alama na faulo, na taarifa za waamuzi, na imeridhia kisa kitumike kufundishia.

Ninawaandikia walimu wa michezo na vijana wanaoanza uamuzi. Ndani ya mchezo mmoja, karibu kila jambo ambalo kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, zinalisema juu ya kocha aliye pembeni ya uwanja liliguswa. Na kwa dakika moja na nusu za mwisho, wasichana wa timu moja walicheza bila kocha ambaye kanuni zilimruhusu kabisa kuwepo.

## Mazingira

Uwanja ulikuwa wa saruji, wa nje, ndani ya shule mwenyeji. Mistari ya uwanja wenyewe ilionekana vizuri. Mistari ya eneo la benchi haikuwepo kabisa.

Hili si jambo dogo. Kanuni zinaweka mipaka miwili ya eneo la benchi: mstari mmoja unaoendeleza ule wa mwisho wa uwanja kwenda nje, na mwingine unaochorwa mita 5 kutoka mstari wa kati. Yote miwili iwe na urefu usiopungua mita 2. Nusu ya uwanja ni mita 14, kwa hiyo kocha anabaki na mita 9 za kutembea mbele ya wachezaji wake. Siku hiyo mita hizo 9 zilikuwa kichwani mwa kila mtu kwa namna yake. Timu zilikalia mabenchi ya bwaloni, na nyuma yake wanafunzi walisimama wamebanana kiasi kwamba kocha akirudi nyuma hatua moja anamkanyaga mtu.

Waamuzi walikuwa wawili, vijana walio na umri wa watoto wa makocha wenyewe. Karani wa fomu alikuwa mwanachuo aliye mafunzoni, na saa aliishika mwalimu wa shule mwenyeji.

Kocha wa Shule A ni mwalimu wa siku nyingi, sauti yake inafika geti la shule, na mji mzima unamheshimu. Msaidizi wake ni kijana aliyewahi kuchezea klabu. Shule B ilifundishwa na mwalimu wa kike ambaye wote pale walimwita Madam, mtu wa maneno machache anayezijua kanuni vizuri. Wote wawili walikuwa makocha wazuri, na hakuna aliyekuja pale kutafuta ugomvi. Naliweka hilo wazi mapema kwa sababu masimulizi ya mtaani baada ya mchezo yalimfanya mmoja shetani na mwingine malaika.

## Yaliyotokea, hatua kwa hatua

Robo ya kwanza, kocha wa A alisimama muda wote akiwapangia wachezaji ulinzi kwa sauti. Msaidizi wake naye alisimama ubavuni mwake. Waamuzi hawakusema kitu. Mashabiki wa B walianza kuguna: "Refa, huyo kocha mbona anapiga kelele?"

Robo ya pili, zikiwa zimebaki kama dakika 6, kocha wa A alisogea hadi karibu na meza ya maafisa kumwelekeza mpiga pasi wake. Refa wa kwanza akampita mbio, mpira ukiwa unachezwa, akamwambia: "Samahani mwalimu, naomba urudi kidogo." Kocha akainua kidole gumba, akarudi hatua mbili. Dakika chache baadaye yalijirudia yale yale, na maneno yakawa yale yale. Upande wa pili, Madam naye alikuwa ameshavuka mahali ambapo mstari ungekuwepo, zaidi ya mara moja. Hakuambiwa chochote, labda kwa kuwa hakuwa na sauti.

Robo ya tatu mchezaji wa A alianguka karibu na mstari wa mwisho akashika kifundo cha mguu. Kocha wake akaingia uwanjani akikimbia kabla refa hajampa ishara, akamnyoosha mguu, akamsimamisha. Mchezaji akaendelea kucheza. Madam akasubiri mpira ufe, yaani mchezo usimame, akauliza kwa utulivu kwa nini mchezaji aliyehudumiwa hakubadilishwa. Refa akamjibu, "Ni mtoto, Madam, tumuonee huruma." Kuanzia hapo benchi ya B ikaamini kwamba A inapendelewa.

Robo ya nne, dakika 4 na sekunde 10 zimebaki, A wakiongoza 44 kwa 41. Mchezaji wa A akaitiwa faulo ya kumgonga mlinzi aliyekwisha kujipanga. Kocha wa A akatoka kwenye eneo lake, akapita mbele ya meza, akavuka usawa wa mstari wa kati. Akawageukia wanafunzi waliojaa pembeni, akafungua mikono yote miwili na kusema kwa sauti, "Mnajionea wenyewe! Mnajionea!" Umati ukalipuka. Refa wa pili akapiga filimbi na kuonyesha alama ya T, yaani teknikali, faulo ya tabia na si ya kugongana. Karani akaandika C, herufi ya teknikali ya kocha mwenyewe, kwenye mstari wa kocha. B wakapewa mtupo mmoja, wakaupata: 44 kwa 42.

Kabla mchezo haujaendelea, refa huyo akamwambia kocha: "Mwalimu, umeshapata teknikali. Sasa hutakiwi kusimama tena mpaka mwisho." Kocha akaketi. Tangu hapo msaidizi ndiye aliyesimama, na akaanza kuongea na waamuzi karibu kila wanapopita, akidai makosa: sekunde tatu, hatua, mkono ule.

Ilipobaki dakika 1 na sekunde 32, A walikuwa mbele 47 kwa 46. Mchezaji wa B alikuwa na mpira kwenye kona, mbele kabisa ya benchi ya A. Mchezaji wa akiba wa A akaruka kutoka kwenye benchi, akaingia uwanjani hatua moja, akampepea taulo usoni huku akipiga ukelele. Refa wa kwanza akapiga filimbi, akaonyesha T, akanyoosha mkono kuelekea benchi ya A. Hakwenda mezani. Karani akaandika C ya pili kwenye mstari wa kocha, na mtunza saa akasema kwa sauti: "Refa, kocha ana C mbili."

Kwa kuwa kocha mwenye C mbili hutolewa, refa akamtoa. Kocha akasimama kwa mara ya kwanza tangu aambiwe akae, akasema, "Nimekaa hapa sijafungua mdomo. Nimefanya nini?" Hakuna aliyemjibu. Ikachukua muda, mkuu wa msafara wake akamshika mkono wakaondoka hadi chumba cha walimu, ambacho ndicho timu ilikitumia kubadilishia nguo.

B wakapata mtupo wao, 47 kwa 47. Mchezo ukaendelea kwa mpira wa B, wakafunga: 49 kwa 47. Msaidizi, ambaye sasa ndiye aliyekuwa kocha, alikuwa bado na taimauti moja. Hakuiomba. Muda wote huo alikuwa mezani akibishana na karani. Mchezo ukaisha 49 kwa 47.

Baadaye kidogo msaidizi alitulia, akamwita nahodha. Binti huyo akaweka saini kwenye sehemu ya fomu ya nahodha anayepinga matokeo, ndani ya dakika 15 kama kanuni zinavyotaka. Mwalimu wa msafara akapiga picha ya fomu kwa simu. Picha hiyo ndiyo iliyoturahisishia kazi yote iliyofuata.

## Kwa nini kila mmoja aliamua alivyoamua

Kamati ilizungumza na kila mhusika peke yake, na ninaona majibu yao yana mafunzo kuliko fomu yenyewe.

Refa wa kwanza alisema alikuwa amemwonya kocha wa A mara mbili katika robo ya pili. Kocha alisema hakuonywa hata mara moja. Wote wawili walikuwa wakweli. Kijana alitumia lugha ambayo kila mtoto aliyelelewa vizuri humwambia mkubwa wake: samahani, naomba, kidogo. Mwalimu akaipokea kama ombi, akalikubali nusu, akaona mambo yameisha. Moyoni mwa refa onyo lilikuwa limeshatolewa, ila kwa kocha hapakuwa na onyo lolote lililofika.

Refa wa pili, aliyemkalisha kocha, alisema alijifunza sheria hiyo kwenye video za mafunzo ya waamuzi za Marekani anazotazama kwenye simu. Hakuitunga. Ipo kweli, ila si yetu.

Karani alisema: "Nilisikia teknikali, benchi ya A. Nikaangalia sehemu ya kocha, nikaandika C kama ile ya kwanza." Alipoulizwa kama anaijua B, herufi ya kosa la mtu mwingine wa benchi, alisema aliisoma siku ya semina, lakini hajawahi kuiandika.

Refa wa kwanza aliulizwa kwa nini alimtoa kocha ambaye yeye mwenyewe hakumpigia filimbi. Akasema meza ilishatamka C mbili, umati ulikuwa juu, na aliogopa kuonekana anasitasita. Hapa nilimhurumia sana. Sekunde 92 zimebaki, tofauti ni alama moja, mwanafunzi anampepea mwenzake taulo usoni, na wewe una umri wa miaka ishirini na kitu. Kusimama, kutembea hadi mezani na kuuliza "umeandika nini, na kwa kosa la nani?" kunahitaji moyo ambao hujengwa kwa mazoezi.

## Uamuzi wa kamati

Teknikali ya kwanza ilithibitishwa. Ya pili ilithibitishwa kuwa ni teknikali halali, lakini herufi yake ikasahihishwa kutoka C kuwa B. Kwa hiyo kutolewa kwa kocha kulitamkwa kuwa kosa, na adhabu ya kukosa mchezo unaofuata, iliyokuwa ndani ya kanuni za mashindano hayo, ikafutwa. Kocha alikaa kwenye benchi mchezo wa mshindi wa tatu.

Matokeo hayakubadilishwa. Kanuni za kupinga matokeo zinaitaka kamati iwe na ushahidi ulio wazi kwamba bila kosa lile matokeo mengine yangepatikana kwa hakika. Mtupo wa B ungepigwa hata kama herufi ingeandikwa sawasawa, kwa kuwa adhabu ya C na ya B uwanjani ni ile ile: mtupo mmoja, kisha mchezo unaendelea pale uliposimamishwa. Kilichobaki ni swali la nini kingetokea kama kocha angekuwepo dakika ile na nusu, na hilo hakuna mtu awezaye kulithibitisha. Nilikubaliana na uamuzi huo, na bado nikawaelewa wazazi wa Shule A waliotoka wakiwa na uchungu. Binti zao walinyang'anywa mtu waliyemzoea katika dakika ambayo walimhitaji kuliko zote.

## Uchambuzi

Kelele si kosa. Nianze na lile lililopotosha hisia za watu tangu robo ya kwanza. Kocha mkuu au msaidizi wa kwanza anaruhusiwa kusimama wakati wa mchezo na kuongea na wachezaji wake, mradi asitoke kwenye eneo la benchi. Kanuni haikuweka kipimo cha sauti. Kocha wa A alipopaza sauti "Panda! Panda! Funga kati!" alikuwa ndani ya haki yake kama vile Madam alivyokuwa ndani ya haki yake kwa kunyamaza. Refa anayeangalia pembeni ajiulize maswali matatu: kocha anasema na nani, amesimama wapi, na ni nani mwingine aliyesimama pamoja naye. Waamuzi wetu wa shule wengi hupima ukubwa wa sauti. Ndiyo maana siku hiyo kocha mwenye sauti alifuatiliwa na kocha mkimya akavuka mstari bila kuambiwa kitu.

Kosa halisi la robo ya kwanza lilikuwa kusimama watu wawili. Anayeruhusiwa ni mmoja tu kwa wakati mmoja. Neno moja la refa mwanzoni mwa robo hiyo lingetosha, na lingemzoesha msaidizi nafasi yake mapema. Badala yake alizoea kuwa mzungumzaji, na robo ya nne akajiona ana haki ya kuongea na waamuzi. Hana. Mwenye ruhusa ya kuzungumza na waamuzi ni kocha mkuu peke yake, tena mpira ukiwa umekufa na saa imesimama. Msaidizi anaweza kwenda mezani kuuliza takwimu, kama idadi ya faulo au taimauti zilizobaki, kwa adabu na wakati huo huo wa mpira kufa. Basi.

Onyo lisilosikika. Mwongozo wa tafsiri za kanuni za FIBA unasema onyo hutolewa mpira ukiwa umekufa na saa imesimama, kocha mkuu aarifiwe, na likishatolewa linahusu timu nzima kwa tabia inayofanana hadi mwisho wa mchezo. Sehemu hiyo ya mwisho inasahaulika sana. Kama refa angesimamisha mambo katika robo ya pili na kutoa onyo la kutoka nje ya eneo la benchi, lingemfunga kocha, msaidizi na wachezaji wa akiba wote. Yule wa taulo angekuwa ameshasikia kwamba mstari ule unaangaliwa.

Maneno anayosema refa akiwa anakimbia ni ya kuzuia, na yana faida yake. Nawahimiza vijana wayatumie. Lakini wasiyahesabu kama onyo. Likifika suala la onyo, subiri filimbi, nenda hadi alipo kocha, simama naye uso kwa uso bila kumnyooshea kidole, useme: "Mwalimu, hili ni onyo. Ukitoka tena nje ya eneo hili nitapiga teknikali." Kisha geuka uondoke. Katika sentensi hiyo hakuna ukosefu wa adabu. Ameitwa mwalimu, ameambiwa kosa, ameambiwa litakalofuata. Mkubwa mwenye busara huona heshima zaidi hapo kuliko kwenye "samahani, naomba" inayomwacha gizani halafu ikamrudia kama teknikali.

Kocha wa A alijitetea kwamba teknikali ya kwanza haikuwa halali kwa sababu hakuonywa. Hapo kamati haikumkubalia, na ninaona ilikuwa sahihi. Onyo si ngazi ambayo lazima ipandwe kwanza. Kutembea nje ya eneo kungestahili onyo. Kuwafungulia umati mikono na kuwaambia "mnajionea" ni kuwachochea watazamaji dhidi ya waamuzi, na hilo lina teknikali moja kwa moja. Tena pale palikuwa na wanafunzi mamia, wamesimama hatua moja kutoka uwanjani, bila kamba wala askari. Refa wa pili aliona hatari hiyo papo hapo na kupiga bila kuchelewa. Ni filimbi bora kuliko zote za siku ile.

Kumkalisha kocha. Katika michezo ya shule za sekondari Marekani, inayoongozwa na kanuni za NFHS, shirikisho la michezo ya shule hizo, kocha ana eneo lake la kusimama, na teknikali ikimwangukia yeye au benchi yake anapoteza haki hiyo, anatakiwa akae. Eneo hilo liliongezwa hadi futi 28 kuanzia msimu wa 2017-18, yaani kama mita 8 na nusu, karibu sawa na mita zetu 9. Ukiitazama video unaona mchezo ule ule, kocha yule yule, hata urefu wa eneo ule ule, na ni rahisi kuamini kwamba kanuni nazo ni zile zile. FIBA haina adhabu ya kumkalisha kocha. Akishapata C yake na mtupo ukapigwa, anarudi kwenye eneo lake, anasimama, anafundisha. Kumkalisha kocha wa A kulikuwa kumwongezea adhabu isiyoandikwa popote, na kulimpisha mbele msaidizi ambaye hakuwa tayari.

Kuna salio jingine la kanuni ambalo nalisikia viwanjani, hili la zamani zaidi: walimu waliojifunza mchezo kabla ya mabadiliko ya 2014 bado wanategemea teknikali ilete mitupo miwili na mpira. Siku ile mzee mmoja wa benchi ya B alidai hivyo kwa nguvu zote. Waamuzi hawakuyumba.

Herufi moja. Sasa tufike kwenye kiini. Teknikali zote za benchi huandikwa kwenye mstari wa kocha mkuu, kwa sababu yeye ndiye anayewajibika kwa watu wake. Ndiyo maana karani asiye na uzoefu huona ni kitu kimoja. Lakini kanuni zimetenganisha uwajibikaji na mwenendo. C ni tabia ya kocha mwenyewe. B ni tabia ya mtu mwingine aliyekaa kwenye benchi: msaidizi, mchezaji wa akiba, daktari, mbeba maji. Kocha hutolewa akifikisha C mbili, au akifikisha teknikali tatu ambazo ama zote ni B, ama mojawapo ni C. Kwa hiyo baada ya tukio la taulo kocha wa A alikuwa na C moja na B moja. Alikuwa amebakiza moja, yoyote ile, ndipo atoke. Alikuwa hatarini, ila bado alikuwa na haki ya kukaa pale. Wala teknikali hizo hazihesabiwi kwenye faulo za timu katika robo, jambo ambalo karani aliliandika sawa.

Mgawanyo huo una haki ndani yake ambayo nadhani kila mwalimu ataielewa. Mwalimu anabeba mzigo wa darasa lake, lakini haiwezekani kosa la mwanafunzi likaandikwa kwenye faili lake kana kwamba amelitenda yeye.

Alama ya T ni moja kwa makosa yote. Mikono ya refa haiwezi kumwambia karani kama ni C au B, kwa hiyo lazima mdomo useme. Refa wa kwanza aliponyoosha mkono kuelekea benchi akabaki mbali, alimwachia mwanachuo aliye mafunzoni uamuzi ambao ni wake. Utaratibu ninaousisitiza ni huu: nenda mezani, simama, sema "teknikali, benchi ya A, mchezaji wa akiba namba fulani, andika B," na usiondoke hadi uone kalamu imeandika. Kisha mwambie kocha mkuu ni nani amemletea kosa hilo. Inachukua sekunde chache, na saa imesimama.

Linalouma zaidi ni kwamba kosa hilo lilikuwa na dawa pale pale. Makosa ya kuandika idadi ya faulo yanaweza kusahihishwa na waamuzi wakati wowote kabla refa mkuu hajasaini fomu. Kocha alipouliza "Nimefanya nini?" lilikuwa swali halali kuliko yote yaliyoulizwa siku ile, na jibu lake lilikuwa kwenye karatasi hatua nne kutoka pale. Mtu yeyote kati ya wanne, waamuzi wawili na maafisa wawili wa meza, angelisoma kwa sauti, C ya pili ingefutwa. Msaidizi naye angekuwa ameomba taimauti, angepata dakika nzima ya kuliuliza hilo kwa utulivu, na wasichana wangepumua.

Mguu wa mchezaji. Kwa kifupi tu. Mtu wa benchi huingia uwanjani kumhudumia majeruhi kwa ruhusa ya refa. Daktari peke yake anaweza kuingia bila ruhusa akiona hali inahitaji msaada wa haraka. Mchezaji aliyesaidiwa na kocha wake lazima abadilishwe, isipokuwa timu ichukue taimauti na apone ndani yake. Mimi nisingempigia teknikali mwalimu aliyemkimbilia mtoto aliyeanguka, na sidhani kama kuna anayetaka hivyo. Lakini kutombadilisha binti yule hakukuwa huruma, kwa sababu kifundo kilikuwa kimeshavimba na alicheza nacho robo nzima. Madam alikuwa na haki kwenye hoja yake, na namna alivyoiwasilisha, kwa utulivu na kwa wakati unaoruhusiwa, ndiyo ninayoitumia darasani kuonyesha kocha anavyozungumza na refa.

## Kilichobadilishwa

Katika mashindano yaliyofuata kamati ilinunua mfuko wa chokaa na tepu ya kupimia. Mita 5 kutoka mstari wa kati zinapimwa kila asubuhi mbele ya wawakilishi wa timu, na wanafunzi wanasogezwa mita 2 nyuma ya mabenchi. Makarani wanapewa zoezi la kuandika teknikali za kila aina kabla hawajakaa mezani, na refa anayepiga teknikali haruhusiwi kurudisha mpira mchezoni kabla hajaitazama fomu kwa macho yake.

Kwenye kikao cha makocha, walimu wachache walitaka ile adhabu ya kumkalisha kocha ibaki. Walisema mashindano ni ya watoto, na mwalimu aliyekwisha kupata teknikali aonekane amekaa. Hoja hiyo haina ubaya, na mashindano ya shule yanaweza kujiwekea masharti yao ya ziada. Kamati iliwajibu kwamba sharti la namna hiyo liletwe kwa maandishi, lipitishwe, na lisomwe kwa makocha wote kabla ya mchezo wa kwanza. Mpaka hapo kocha mwenye C moja anaendelea kusimama ndani ya mita zake 9, na refa atakayemwambia akae atatakiwa kuonyesha amelitoa wapi.